SSD ya NVMe kwenye kompyuta kuukuu ya mezani: sloti ipi, kasi ipi, na itabuti vipi?

Ni nadra kupita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukakosa kuiona Dell OptiPlex 7010. Ilitoka mwaka 2012, ikatumika maofisini Ulaya na Marekani, na ofisi hizo zilipobadilisha vifaa, mashine zikaja kwetu kwa makontena. Ni kompyuta ngumu. Prosesa yake ya Core i5 ya kizazi cha tatu bado inamudu kazi nyingi za ofisi, RAM yake ya DDR3 inapatikana kirahisi, na ukifungua kava lake unakuta kila kitu kimepangwa kwa akili. Kinachoichelewesha ni hadi diski ya kuzunguka iliyokuja nayo.

Dawa inajulikana: weka SSD, diski ya chipu isiyo na kinachozunguka. Ila hapo ndipo ushauri unapoanza kugongana. Huyu anakwambia nunua SSD ya kawaida ya SATA. Yule anasema hiyo imepitwa na wakati, chukua NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, na kadi ndogo ya kuichomeka kwenye sloti ya PCIe, ile ya kadi za ziada kwenye ubao mama, utapata megabaiti 3,500 kwa sekunde badala ya 550. Mtu ananunua, anachomeka, halafu moja kati ya mambo matatu linamkuta. Kompyuta haioni kitu kabisa; au inaiona lakini inagoma kuwakia humo; au inawaka vizuri, ila kasi ni nusu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Mnunuzi anailaumu kadi, muuzaji anailaumu kompyuta.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kilichotokea ni kwamba maswali matatu yamechanganywa yakawa moja: SSD hii ni ya aina gani, sloti ile inabeba kiasi gani, na BIOS ya mashine, ile programu inayoiamsha kompyuta, inaweza kuanzia humo? Kila swali lina jibu lake, na jibu la moja halikusaidii kujua la jingine.

Kwa nini hadi diski inachosha

Hadi diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3 hivi. Ukihitaji data iliyo mahali fulani kwenye sahani, kwa wastani unasubiri nusu mzunguko ili sehemu hiyo ifike chini ya kichwa cha kusomea, na kabla ya hapo kichwa chenyewe kinapaswa kusogea hadi kwenye mstari wake, kazi inayochukua milisekunde nyingine kama tisa. Jumla ni milisekunde 13 kwa ombi moja. Kwa hesabu hiyo, diski inahudumia maombi chini ya 80 kwa sekunde pale data inapokuwa imetawanyika.

Na data huwa imetawanyika. Windows inapowaka husoma maelfu ya faili ndogondogo kutoka kila kona ya diski. Hapo ile kasi ya MB 150 kwa sekunde inayosifiwa haina maana, kwa sababu hupatikana tu diski inaposoma faili moja kubwa mfululizo. Unachosubiri ni kichwa kwenda na kurudi.

SSD haina kinachozunguka. Ombi lililochukua milisekunde 13 linajibiwa kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana mtu akitoka kwenye hadi diski kwenda SSD yoyote ile, hata ya bei ya chini, anahisi amenunua kompyuta nyingine. Shikilia jambo hili, kwa sababu linapima kila kitu kinachofuata: hatua kubwa ni ya kuiacha hadi diski. Hatua ya kutoka SSD ya SATA hadi ya NVMe ipo, inapimika, lakini kwa kazi za kila siku ni fupi kuliko namba za kwenye maboksi zinavyodai.

Majina yanayochanganya

Tatizo la kwanza ni kwamba watu hutamka M.2, PCIe na NVMe kana kwamba ni kitu kimoja. M.2 ni umbo tu. Ni kile kibao chembamba, mara nyingi chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ndiyo maana kimeandikwa 2280. SATA na PCIe ni nyaya, yaani namna data inavyosafiri kati ya SSD na kompyuta. AHCI na NVMe ni itifaki, lugha ambayo kompyuta hutumia kuiagiza diski ilete nini.

Kwa hiyo kuna SSD ya M.2 inayosafirisha data kwa SATA na kuzungumza AHCI. Nyingine ya umbo lilelile inasafirisha kwa PCIe na kuzungumza NVMe. Zikiwa mezani zinafanana kama mapacha. Ukichomeka ile ya SATA kwenye kadi ya kawaida ya PCIe, hakitatokea kitu: haitaungua, haitaonekana, itakaa tu pale. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha lile lalamiko la kwanza, la kompyuta kutoona chochote.

Angalia meno ya dhahabu kwenye ncha ya SSD. Yakiwa na mkato mmoja tu, upande ule wa kundi dogo la meno, karibu kila mara hiyo ni NVMe. Yakiwa na mikato miwili, moja kila upande, mara nyingi ni SATA, ingawa zipo NVMe chache zenye njia mbili za data badala ya nne ambazo nazo zina mikato miwili. Basi usiishie kwenye mikato. Soma lebo: neno NVMe au PCIe liwepo limeandikwa.

Kuhusu itifaki, tofauti si ya kubuni. AHCI iliandikwa enzi za diski za kuzunguka na ina foleni moja ya maagizo 32. NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Machi 2011, inaruhusu foleni hadi 65,535, kila moja ikiwa na maagizo hadi 65,536. Seva ya hifadhidata inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja inafaidi sana. Mtu mmoja anayeandika barua na kufungua kurasa za intaneti hafikishi hata zile 32.

Sloti ndefu si lazima iwe pana

Tuingie ndani ya mashine. OptiPlex 7010 ya umbo la mnara ina sloti nne za kadi. Mbili ni ndefu, za ukubwa wa x16. Moja ni fupi, ya x1. Ya nne ni PCI ya zamani, ambayo licha ya jina kukaribiana haina uhusiano wa nyaya na PCIe. Kasi yake yote ni MB 133 kwa sekunde, kwa hiyo isahau. Ile 7010 ndogo, ya umbo la SFF, ina zile mbili ndefu tu, tena kwa kadi za kimo kifupi.

Sloti hizo mbili ndefu zinalingana kwa macho, lakini si sawa. Moja ina njia zote 16 na inaenda moja kwa moja kwenye prosesa; ndiyo iliyokusudiwa kadi ya grafiki. Ya pili ni ndefu kwa plastiki tu: ndani imeungwa njia nne, na njia hizo zinapita kwanza kwenye chipseti, ile chipu ya Q77 inayosimamia pia SATA, USB na mtandao.

Kasi ya kila njia inategemea kizazi cha PCIe. Kizazi cha kwanza kinabeba MB 250 kwa sekunde kwa njia moja. Cha pili, MB 500. Cha tatu kinakaribia 985. SSD ya NVMe hutumia njia nne, kwa hiyo zidisha kwa nne: kizazi cha kwanza kinakupa MB 1,000, cha pili 2,000, cha tatu takriban 3,900. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwa matumizi halisi toa kiasi, kwa sababu sehemu ya nafasi hiyo inaliwa na taarifa za uratibu.

Sasa rudi kwenye ile sloti ya pili ya 7010. Njia za chipseti ya Q77 ni za kizazi cha pili. SSD yenye uwezo wa MB 3,500 ukiiweka pale itaishia kati ya 1,500 na 1,700. Hiyo ndiyo ile kasi ya nusu. SSD ni nzima, kadi ni nzima; ukuta uko kwenye sloti. Isitoshe, chipseti yenyewe imeungwa na prosesa kwa kiungo kinachobeba takriban GB 2 kwa sekunde, na kiungo hicho kinagawanywa kwa kila kilichochomekwa kwenye chipseti. Ukiwa unanakili faili kutoka diski ya SATA kwenda NVMe huku mtandao unafanya kazi, vyote vinapita hapohapo.

Kama huna kadi ya grafiki, na mashine nyingi za ofisi hazina, chomeka SSD kwenye ile sloti ya grafiki. Kwa Core i5 au i7 ya kizazi cha tatu, ambazo namba zake huanza na 3 kama i5-3470, sloti hiyo ni ya PCIe kizazi cha tatu. SSD ileile iliyokuwa inafikia 1,600 itapanda hadi karibu na kasi yake kamili. Prosesa ya kizazi cha pili, mfano i5-2400, nayo inaingia kwenye ubao mama huo, ila inaishia PCIe 2.0, kwa hiyo kuhamisha sloti hakutakupa ongezeko la maana. Wengi hawaijaribu sloti hiyo kwa kudhani inakubali kadi ya grafiki tu. Kwa 7010 dhana hiyo si kweli. Kwenye baadhi ya mashine za miaka ya nyuma zaidi, kuchomeka kitu pale kunaweza kuzima grafiki ya ndani. Skrini ikibaki nyeusi, toa kadi, ingia BIOS na uangalie mpangilio wa skrini kabla ya kukata tamaa.

Na ile fupi ya x1? Zipo adapta zake. Kwenye PCIe 2.0 utapata MB 400 hivi kwa sekunde, chini ya SSD ya SATA kwenye poti nzuri. Kwa 7010 hakuna sababu ya kuitumia. Lakini angalia ndugu yake mdogo, OptiPlex 3010, yenye chipseti ya H61. H61 haina kabisa SATA ya gigabiti 6. Poti zake zote ni za gigabiti 3, na SSD ya SATA pale inaishia kwenye MB 270 au 280. Kwenye mashine kama hiyo sloti inakuwa na faida ya kweli.

Hata kwenye 7010 poti za SATA hazilingani. Q77 inatoa mbili za gigabiti 6, zilizobaki ni za gigabiti 3. Ukiweka SSD ya SATA, usichukue tu waya wowote ulio wazi ndani. Soma maandishi yaliyo kando ya poti kwenye ubao mama, na uanze na iliyoandikwa SATA0.

Kadi yenyewe ni kitu kidogo sana

Watu hutumia muda mwingi kuchagua kadi ya adapta, na kwa SSD moja muda huo unapotea bure. Ishike mkononi uitazame: upande mmoja kuna meno ya kuingia kwenye sloti, upande wa pili soketi ya M.2, katikati ni mistari ya shaba inayounganisha moja kwa moja, pamoja na vipande vichache vya umeme na labda taa. Haina chipu inayotafsiri chochote, kwa sababu SSD ya NVMe ni kifaa cha PCIe tayari. Umeme wake unatoka kwenye sloti yenyewe, hakuna waya wa kuongeza. Kadi ya bei ya chini iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi sawa na ya bei kubwa.

Cha kukagua ni umbo. Kwa kompyuta ya SFF hakikisha ndani ya boksi kuna kile kibati kifupi cha nyuma. Bila hicho kava halitafunga. Hakikisha pia skrubu ndogo ya kukazia SSD ipo, kwa kuwa ikipotea si rahisi kupata ya ukubwa huo.

Mtego uko kwenye kadi za SSD mbili au nne. Zile za bei nafuu hutegemea ubao mama uigawe sloti ya njia 16 kuwa makundi ya nne nne. BIOS za kompyuta za ofisi za miaka hiyo hazina mpangilio huo, na matokeo yake ni kwamba SSD ya kwanza inaonekana, nyingine hazipo. Kadi zenye chipu yake ya kugawa njia zinafanya kazi, lakini bei yake haiendani na kompyuta ya mtumba. Kuna na aina nyingine yenye soketi mbili, moja ya NVMe na moja ya M.2 SATA. Hiyo ya pili haitumii sloti kwa data. Lazima uvute waya wa SATA kutoka kwenye ubao mama hadi kwenye kadi. Asiyejua hili huona soketi moja inafanya kazi na kuamini nyingine ni mbovu.

Kubuti ndiko kwenye kazi

Unapobonyeza swichi, Windows au Linux bado haipo. Kinachofanya kazi ni BIOS, programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mama. Ndiyo inayopaswa kuifikia diski na kusoma kutoka humo kile kipande cha kwanza kitakachoanzisha mfumo endeshi. Ili isome diski ya NVMe lazima iwe na draiva ya NVMe ndani ya chipu hiyohiyo.

BIOS ya 7010 ni ya 2012. Itifaki ilikuwa imeandikwa mwaka mmoja tu kabla, na SSD za NVMe za watu wa kawaida zilianza kuonekana madukani 2015, kama Intel 750 na Samsung 950 Pro. Kwa hiyo draiva haikuwekwa. Matokeo yake yanawachanganya wengi: ukiwa ndani ya Windows 10 diski inaonekana, inaandikika, inakimbia, ukizima na kuingia BIOS, kwenye orodha ya kubuti haipo. Windows ina draiva yake, BIOS haina.

Kama ndiyo hali yako, njia iliyo salama kuliko zote ni kutolazimisha. Weka mfumo endeshi kwenye SSD ndogo ya SATA, halafu NVMe iwe ya kazi: miradi ya video, picha, hifadhidata, mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta). Kompyuta inawaka haraka kwa sababu imetoka kwenye hadi diski, na faili nzito ziko kwenye kasi kubwa. Kwa watu wengi wanaouliza swali hili, mimi ningewashauri waishie hapa.

Anayetaka mfumo wote ukae kwenye NVMe, kwa Linux jambo ni jepesi. Wakati wa kusakinisha chagua kugawa diski mwenyewe. Sehemu ya /boot pamoja na /boot/efi ziweke kwenye diski ya SATA au hata kwenye flashi, na sehemu kuu, ile ya alama ya mkwaju peke yake, iweke kwenye NVMe. BIOS inasoma diski inayoijua, inapakia kiini cha Linux, na kiini hicho kina draiva ya NVMe tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kikishaamka kinaichukua diski yenyewe na kuendelea. Baada ya hapo flashi haiguswi, ila lazima iwe imechomekwa kila unapowasha kompyuta na siku ya kusasisha kiini.

Windows haikubali ujanja huo, kwa kuwa kianzishi chake kinaendelea kuitegemea BIOS kusoma diski yenye mfumo hadi hatua za mbele. Hapo hutumika programu ya Clover. Unaitengenezea flashi, kisha unahakikisha faili iitwayo NvmExpressDxe.efi ipo kwenye folda yake ya draiva. Kompyuta inabuti kwenye flashi, Clover inapakia draiva hiyo, NVMe inaonekana, na Windows inaanzishwa kutoka humo. Flashi inabaki nyuma ya mashine siku zote. Sharti ni kwamba Windows iwe imesakinishwa kwa mtindo wa UEFI, ule mpya wa kuwasha kompyuta, na diski iwe imegawanywa kwa mpangilio wa GPT. Na kabla ya kuanza kusakinisha, chomoa waya wa diski nyingine zote, la sivyo Windows inaweza kupeleka faili zake za kubuti kwenye diski ambayo wewe hukuikusudia, na siku utakapoitoa diski hiyo, mashine haitawaka.

Njia ya tatu ni kuibadilisha BIOS yenyewe: kuchukua faili yake, kuiongezea draiva ya NVMe, na kuiandika upya kwenye chipu. Inawezekana na wapo walioifanya. Lakini faili iliyoguswa inaweza kukataliwa na programu ya kusasisha, na umeme ukikatika katikati ya kuandika unabaki na ubao usiowaka hadi apatikane fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja. Kwa kompyuta inayokuingizia riziki, usifanye. Flashi ya Clover inakupa matokeo yaleyale, na ikikataa unaichomoa tu.

Zipo pia SSD chache zilizobeba msaada wa kubuti ndani yake, ambazo BIOS ya zamani huzipokea bila kuongezewa kitu. Samsung 950 Pro ni moja, na kabla yake Plextor M6e na HyperX Predator ya Kingston zilizotumia AHCI juu ya PCIe. Sasa hupatikana kwa mtumba tu. Ukibahatika kuikuta nzima, kwa mashine ya aina hii ina thamani kuliko mpya yenye kasi maradufu.

Kompyuta za kuanzia Core ya kizazi cha sita, kwa mfano OptiPlex 7040 au HP EliteDesk 800 G2, kwa kawaida zina soketi ya M.2 kwenye ubao mama na BIOS inayoielewa NVMe. Ukiwa na hizo, sehemu yote hii haikuhusu.

Kuna jambo linalofanya uamuzi wa Windows au Linux uwe wa haraka zaidi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea. OptiPlex 7010 haimo. Mwenye mashine hii anayefikiria kuhamia Linux Mint au Ubuntu atakuta kwamba lile tatizo la kubuti limepungua lenyewe.

Nani anahitaji nini

Duka la stationery linalochapa, kuskani na kujaza fomu za serikali mtandaoni halitaona tofauti kati ya SATA na NVMe. Litaona tofauti kubwa kati ya hadi diski na SSD, na kati ya RAM ya GB 4 na ya GB 8. Kama fedha inatosha kitu kimoja juu ya SSD ya SATA, iende kwenye RAM. Ofisi inayohifadhi faili kwenye seva nayo isitarajie muujiza: mtandao wa gigabiti moja unapitisha MB 125 kwa sekunde kwa kiwango cha juu kabisa, na hata SSD dhaifu inazidi hapo.

Anayehariri video, anayeendesha mashine pepe mbili tatu kwa ajili ya mafunzo, au anayehamisha faili za makumi ya gigabaiti ndani ya kompyuta hiyohiyo, huyo kadi inamfaa. Inamfaa pia mtu ambaye poti zake za SATA zimejaa, au ambaye ana mpango wa kubadilisha kompyuta karibuni na anataka SSD atakayoihamishia kwenye mashine mpya. Ila asinunue SSD ya PCIe kizazi cha nne ya MB 7,000 kwa ajili ya 7010. Itafanya kazi, kwa sababu vizazi vya PCIe vinapokeana, lakini itabanwa na sloti, na fedha iliyozidi itakuwa imelala.

Ukishachomeka, hakikisha

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa bati la ndani ya kava, ndipo uchomeke kadi. Kama kuna kadi ya grafiki inayotoa joto jingi, usiiweke SSD ikae imebanwa kando yake ukiwa na nafasi nyingine. NVMe ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe.

Kwenye Windows fungua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, chagua diski ya NVMe, na utafute mstari wa namna ya uhamishaji data. Utaona maandishi mawili yaliyotengwa kwa mstari wa wima, kwa mfano PCIe 2.0 x4 | PCIe 3.0 x4. La kushoto ni kile kinachotumika sasa hivi, la kulia ni uwezo wa SSD. Mfano huo unakwambia uko kwenye sloti ya chipseti, na hakuna kilichoharibika. Kwenye Linux amri ya lspci -vv ikiendeshwa na sudo inatoa taarifa hiyohiyo kwenye mistari ya LnkCap (uwezo) na LnkSta (kinachotumika sasa).

CrystalDiskInfo inaonyesha pia saa ambazo SSD imewashwa na asilimia ya uhai iliyobaki. Kama uliuziwa kama mpya na saa zimefika maelfu, irudishe siku hiyohiyo. Ukubwa nao upimwe, kwa sababu zipo diski bandia zinazojitangaza kuwa na TB 2 huku nafasi halisi ni sehemu ndogo ya hapo: endesha H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux ijaze diski yote na kuisoma tena, kabla hujaweka faili hata moja ya maana.

Ukiona x1 au x2 upande wa kushoto wakati sloti ni ya njia nne, zima, toa kadi, futa meno yake taratibu kwa kifutio safi cha penseli, puliza vumbi kwenye sloti, na uirudishe hadi isikike imekaa. Kompyuta hizi zimekaa miaka mingi na vumbi, na mguso hafifu wa meno mawili matatu unatosha kuzizima njia kadhaa. Ikibaki x1 hata baada ya hapo, ijaribu kadi hiyohiyo kwenye sloti nyingine ndefu: ikipanda hadi x4 kule, sloti ya kwanza ndiyo yenye kasoro, isipopanda, badilisha kadi kabla ya kuigusa SSD.